Pilau Niliyoiacha Iungue Hatta

Nimesikia. Mji wetu hauna siri, na midomo ya wapishi ina mbio kuliko moto wa vifuu. Yasemwa Tatu kazeeka, kaenda Dubai kuunguza pilau ya harusi ya watu, kaitia aibu Tanga nzima. Haya. Nyie wenzangu wa kikundi cha upishi, mlionipokea stendi mkanisindikiza hadi nyumbani mkiniuliza kwa macho tu, nawaandikia nyie. Pilau iliungua, kweli. Sikuisahau jikoni. Nilikaa mbele yake nikaitazama inavyoungua, na nikipewa siku ile tena nitaiacha iungue vilevile.

Tanga hadi Dar, mwiko mapajani

Habari za viza na tiketi siziandiki, zinachosha na wenyewe mnazijua. Aliyeniita ni Bi Zuwena, mama wa Kiunguja aliyekwenda Uarabuni akiwa kigoli, akaolewa, akazaa na kuzeekea huko. Mpwa wake aliwahi kula pilau yangu kwenye harusi moja ya Ngamiani, akaenda kumhadithia. Miaka ikapita, mjukuu wa Bi Zuwena akapata mchumba, na bibi mwenyewe akanipigia simu.

"Nnataka pilau ya kuni, mwanangu," akaniambia. "Ya kupaliwa makaa juu ya mfuniko. Hawa wajukuu zangu washazoea biriani la hoteli, hawajui walopoteza."

Kwangu kulikuwa na sababu ya pili, nayo ndiyo iliyonifanya niitikie kabla hajamaliza. Mpwa yule yule, safari ile ile ya Ngamiani, alimchukua mdogo wangu Shomari kwenda kufanya kazi katika kampuni ya ujenzi ya mtoto wa Bi Zuwena. Shomari aliondoka binti yake akitambaa. Binti sasa anavaa sare ya shule, na baba yake anamjua kwenye simu. Nilitaka kumwona mdogo wangu kwa macho yangu, na nilitaka kuwashukuru waliompa kazi. Ndiyo, nilikwenda na shukrani. Mkumbuke hilo kabla hamjaniita mfitini.

Kwenye basi kondakta alitaka mwiko wangu mkubwa wa shughuli uwekwe chini kwenye buti. Nikamwambia buti akae mama yake. Nikaupakata umefungwa kanga, na jirani yangu, bwana mmoja mwenye kalamu mbili mfukoni, akaniuliza nakwenda wapi nao. Nilipomjibu akaanza kunisifia Dubai kana kwamba anayo hisa: maghorofa, barabara, mahoteli ambayo hata choo kimenakshiwa dhahabu. Nikamuuliza, anayekisafisha choo hicho analala wapi? Akafungua gazeti lake, akalisoma hadi Ubungo.

Uwanja wa ndege ofisa aliufungua mwiko, akaugeuza, akaita mwenzake. Wakanong'ona. Kisha akaniuliza kwa upole kama nakwenda kwenye mashindano ya kupiga kasia. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na wao wakacheka, lakini waliutia kwenye mizigo, nikapanda ndege mikono mitupu kama mgeni wa heshima.

Kwenye viti vya kungojea

Tulibadilisha ndege katika mji ambao sikuuona. Ndege ya pili ilikuwa na ugonjwa wake, ikabidi tungoje mpaka ipone. Mbele yangu walikaa wasichana waliovaa mitandio ya rangi moja, wanapelekwa kufanya kazi za majumbani. Wakala wao alikuwa amewaambia wasizungumze na mtu. Mimi si mtu wa kukaa karibu na mwenye njaa nikajifanya sioni, nikatoa visheti nilivyobeba, nikawapitishia mfuko. Kwanza walitazamana. Kisha mfuko ukarudi una makombo.

Mmoja wao, binti wa Singida, alisogea akaniuliza: "Mama, hivi madam akikupa chakula, unakula naye au unakula peke yako?"

Nimepika shughuli maisha yangu yote na sijawahi kuulizwa swali hilo, kwa sababu kwetu mtu haulizi atakula na nani, anauliza sinia liko wapi. Nikamwambia ajitahidi kula penye watu. Ndege ikaitwa, wakasimama kwa pamoja, na sijui wako majumba gani sasa.

International City, nyuma ya pazia

Gari la Bi Zuwena halikuja kunipokea. Alipiga simu kuomba radhi: shambani kwao Hatta, itakapofanyiwa harusi, walikuwa bado wanasimamisha mahema, dereva hana nafasi, nivumilie kidogo. Basi nikafikia kwa Mwajuma, yule wa Chumbageni aliyekuwa akiuza vitenge, mnamkumbuka. Siku hizi ni mfanya usafi wa ofisi. Anaishi International City, mtaa mmoja wa Dubai, chumba kimoja kimegawanywa kwa mapazia, kila pazia lina kitanda na mwenyewe.

Pazia la jirani alikuwa Mercy, msichana wa Mombasa anayefanya kazi dukani. Alipouona mwiko akaruka. "Aunty! Hii ni mwiko ama ni mlango? Wacha nipige picha, manze, watu wa home hawataamini."

Tulikula chapati alizopika yeye na maharage ya Mwajuma, sote kitandani kwa Mwajuma maana sakafu ilikuwa imejaa mabegi. Nikawaambia nakwenda kupikia harusi ya familia ya arbab wa mdogo wangu. Arbab ndivyo wanavyomwita tajiri mwenye kazi, na wa Shomari ni yule mtoto wa Bi Zuwena. Mercy akaacha kutafuna.

"Aunty, nikupee ushauri. Pika, pokea shukrani, rudi. Hapa ukiongea sana unachomea watu. Si wewe unachomeka, ni yule umemwacha nyuma."

Nikamwambia mimi naenda kupika, siendi kuhutubia.

Muhaisnah, nje ya geti

Kwa vile gari lilikuwa bado halijaja, Mwajuma akanipeleka kumwona Shomari. Wanaishi Muhaisnah, kambi ya wafanyakazi, mahali ambapo majengo yamepangwa sawasawa, na kila roshani imeanikwa ovaroli za rangi ile ile. Wanawake hatukuruhusiwa kuingia, kwa hiyo tukakaa naye nje, kwenye ukingo wa barabara, mabasi ya kampuni yakipita yamejaa watu waliolala vichwa vimeegemea vioo.

Nilimbebea samaki wa kupaka niliyempika kwa Mwajuma. Alikula kwa kasi, halafu akaona aibu akapunguza kasi. Amekonda, shingo imekuwa ndefu.

"Usianze, Dada," akasema kabla sijafungua mdomo.

Nikamuuliza kuhusu kazi yenyewe. Anafunga dari za jasi kwenye mahoteli. Alinionyesha picha: nakshi, taa, mizunguko kama ya kazi ya sindano. Nikamuuliza chini kukoje. Akacheka. "Sakafu hatuzijui. Wakifika watu wa marumaru sisi tunahamishwa. Miaka yote hii nimekaa kwenye mahoteli ya kifahari, sijakanyaga zulia la hata moja."

Kisha akaniambia habari ya Feruzi. Feruzi ni msimamizi wao, mtu wa Dar. Mimi nikasema afadhali, mtu wa nyumbani.

"Kikulacho ki nguoni mwako, Dada."

Siku yao ya kupumzika ni Ijumaa tu. Feruzi anakuja na basi, anataja majina, anawapeleka kwenye mashamba na nyumba za arbab kuhamisha samani, kuchimba bustani, kusimamisha mahema. Anauita msaada. Hakuna ujira, na wanaondoka kambini kabla chakula hakijaiva. Anayekataa, Feruzi anapeleka jina lake ofisini kwamba ni mvivu, na hapo ni khalas, mtu anarudishwa kwao.

"Ijumaa hii tunakuja Hatta, kwenye hiyo harusi yako," akasema. "Utaniona nabeba kuni. Dada, nakuomba kwa jina la mama. Mkataba wangu umebaki kidogo uishe. Nikifukuzwa kabla, nakosa haki zangu zote za mwisho, nitarudi kwa mwanangu na ovaroli. Usiseme neno."

Nikamuahidi. Mnajua mdomo wangu ulivyo, lakini ahadi ile niliitoa kwa moyo wote.

Hatta, mekoni

Gari lilikuja hatimaye. Njia ya Hatta ni mchanga mwekundu, halafu milima mikavu, halafu ghafla mitende na maji. Bi Zuwena alinipokea kwa kunikumbatia, akanipa chumba chenye baridi ya kutosha kugandisha samli, akanikalisha kunihadithia Malindi ya Unguja, mtaa wa utoto wake. Nasema kweli, nilimpenda. Ni mwanamke mkarimu. Alinionyesha picha za visima alivyochimbisha Pemba.

Ijumaa alfajiri basi likaja. Wakashuka wanaume wengi, Shomari kati yao, akapita mbele yangu kama hanijui. Wakabeba kuni, wakachota maji, wakamenya vitunguu macho yakibubujika. Mmoja, Mganda aitwaye Ssali, ndiye aliyenipangia mafiga, na aliyapanga vizuri kuliko nilivyotegemea. Feruzi alikuwa mtu nadhifu, ana saa kubwa, anatembea huku na huku akisema yalla, yalla, yaani haraka.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana ni kosa ambalo kila mmoja wenu angelifanya. Kabla sijamimina mafuta nikageuka, nikauliza kwa sauti, kama tunavyouliza kila shughuli: "Watu wa mekoni washafungua kinywa?"

Kwetu hiyo ni salamu. Asiyeuliza hivyo anaonekana hakulelewa. Pale mekoni Hatta visu vilisimama kama nimetukana.

"Wamekula kambini," Feruzi akajibu haraka.

Bi Zuwena alikuwa ameketi kitini karibu, anafurahia harufu ya kuni. "Kambini vipi, Feruzi? Mwanangu si kakupa hela ya chakula chao, na ujira wao wa Ijumaa? Ulisema watakula hoteli ya njiani."

"Ndiyo, Bibi. Njiani. Nilikosea."

Wanaume wote walikuwa wanatazama vitunguu. Nikajua kila kitu pale pale, na nadhani hata paka aliyekuwa chini ya meza alijua. Bi Zuwena akatikisa kichwa, akarudi kwenye harufu yake ya kuni.

Baadaye Feruzi akapita karibu yangu, akainama kama anayeonja mchuzi. "Dada, mdomo wako utamponza mtu. Namjua ni yupi, mnafanana pua."

Nilihisi hasira mpaka masikioni. Lakini nilikuwa nimeahidi. Nikakaanga vitunguu vikawa rangi ya kahawia, nikatia thomu na tangawizi, nyama ya mbuzi, bizari nzima, iliki, mdalasini, mchele ukaingia, maji yakakauka. Nikafunika, nikapalia makaa juu. Ilikuwa pilau nzuri kuliko zote nilizowahi kupika. Nasema hivyo bila kujisifu, pua yangu haidanganyi.

Watu wakatoka Swala ya Ijumaa, magari yakaanza kuingia. Mahema yalikuwa yanapulizwa hewa baridi kwa mashine, na wageni wakaketi kwenye mito. Mekoni jua lilikuwa la mchana. Hakuna mtu pale aliyekuwa ametia kitu tumboni tangu alfajiri isipokuwa maji.

"Yalla, ipueni!" Feruzi akasema.

Wanaume wakaleta miti ya kupitisha kwenye masikio ya sufuria. Sufuria lenyewe mnalijua la aina ile, halibebwi na watu wawili. Wakasimama, wakanitazama, kwa sababu sufuria haliipuliwi mpaka mpishi aseme, na hilo hata Mganda alilijua.

Mimi nikaketi kwenye kigoda.

Niliahidi kutosema neno. Basi sikusema. Neno "ipueni" nalo ni neno.

Feruzi akanihimiza. Nikaendelea kukaa. Shomari akanitazama kwa macho ya kuomba, midomo yake ikifanya "Dada, Dada" bila sauti, na moyo uliniuma, lakini miguu yangu haikunyanyuka. Harufu ikaanza kubadilika. Kwanza ukoko, ile harufu tamu ambayo watoto wanaipenda. Kisha ikapita utamu. Nyie mnajua ni kitu gani kwa mpishi kukaa na kusikia mchele wake unashika chini. Jina langu lilikuwa linaungua mle ndani, jina la aliyenifundisha pia, na niliamua liungue.

Bi Zuwena akaja mbio, fimbo mkononi. "Tatu! Yaungua!"

"Naona, Bibi."

"Mbona huipui, mwanangu? Una nini?"

"Sinia la kwanza la mekoni, Bibi. Silioni."

Sikusema mwizi. Sikusema njaa. Nilitaja mila tu: sinia la kwanza ni la waliopika.

"Hayo ya zamani, hapa hatuna!" Lakini uso wake ulibadilika, maana yeye ndiye aliyenitoa Tanga nimletee ya zamani.

Arbab mwenyewe akaja, mtu mzima mwenye kanzu nyeupe pee, anaongea Kiswahili cha mama yake kilichochanganyika na Kiarabu. Aliwaangalia wanaume waliosimama na miti. "Nyinyi mmekula?"

Feruzi akasema, "Wamekula, sir, hawa ni—"

Shomari akaweka mti wake chini. Mdogo wangu yule aliyeniomba kwa jina la mama. "Hatujala, sir," akasema. "Leo hatujala. Na Ijumaa zote tulizokuja kwako hatukula wala hatukulipwa. Tuliambiwa ni msaada."

Ssali akaweka wake. Miti ikaanza kuanguka mmoja mmoja, hadi hakubaki mtu aliyeshika kitu.

Arbab alimtazama Feruzi. Kisha akayatazama mahema, wageni wameanza kuchungulia. "Khalas," akasema. "Wapeni chakula. Wakale kule nyuma ya jenereta."

"Hapa," nikasema. Ahadi ilikuwa imekwisha, Shomari mwenyewe ameivunja, na mdomo wangu ulikuwa wangu tena. "Mekoni, sir. Ndipo walipofanyia kazi. Haya wanangu, ipueni!"

Wakaipua. Nikafunua, nikachota katikati ambako hakujaguswa na moto, mchele chambuachambua na nyama yake, nikawajazia masinia, wakakaa chini kwenye mkeka na kula. Wageni walisubiri. Matajiri wa Dubai, mabibi wenye dhahabu hadi kiwikoni, walingoja mafundi wa dari washibe. Kisha nikawapakulia na wao, kilichobaki.

Bi Zuwena akaonja. "Ina moshi."

"Ina moshi, Bibi."

"Umenitia aibu mbele za watu, Tatu."

"Aibu niliikuta, Bibi. Mie nimeipakua tu."

Hakunikumbatia nilipoondoka. Nilisikitika, kwa sababu si mtu mbaya. Lakini nimemfikiria sana tangu siku ile: mtu anachimbia kisima watu wa ng'ambo, na anayembebea kuni uani kwake hajui kama amekula. Anatoa hela, anamwachia Feruzi, anaridhika. Na mimi namuuliza yeyote anayezisifu zile barabara na yale mahoteli: ulishauliza mekoni?

Basi lilipokuwa linataka kuondoka Feruzi alinifuata. Nilidhani atanitukana. "Unadhani nakula peke yangu?" akaniambia polepole. "Juu yangu kuna mtu ofisini, na juu yake yupo mwingine. Umempiga mkia, Dada, kichwa hukukiona."

Nikamwambia nyoka hata ukimkanyaga mkia anajua amekanyagwa.

Kurudi

Feruzi hakufukuzwa. Aliyefukuzwa ni Shomari. Nilikuwa hata sijamaliza kugawa tende nilizowaletea, akaja na begi moja, mkataba wake haukuisha, na zile haki za mwisho alizonisihi nisimkoseshe hakuzipata. Binti yake alimkimbia akidhani ni mgeni.

Mkasema nimemkatia mdogo wangu riziki. Wengine mlisema mbele yangu, nawashukuru, wengine nyuma. Yeye mwenyewe alikuwa akipita nje ya mlango wangu kwenda kula kwa jirani. Nilikuwa napika, nasikia viatu vyake vinapita, na nililia, nasema wazi, nililia kama mtoto. Na bado sikujuta. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa kifuani mwa mtu mmoja.

Juzi viatu havikupita. Shomari aliingia uani, hakunisalimu, akanyoosha simu. Ilikuwa sauti ya Ssali, imerekodiwa, nyuma yake watu wanacheka.

"Shomari, ndugu yangu. Hii Ijumaa Feruzi amekuja na basi, anaita majina. Sisi tumekaa kwa vitanda. Hakuna mtu anasimama. Tumemuuliza moja tu: chakula ya leo iko wapi, na nani atatupea mkononi? Amepiga kelele yalla, yalla, mpaka sauti imeisha. Basi imeenda Hatta na yeye na dereva, hakuna mtu mwingine ndani. Majina yote ataandika? Chumba mzima? Salimia ule mama."

Shomari akairudisha nyuma, tukaisikiliza tena. Pale pa basi alianza kucheka, cheko lake la zamani la kukunja tumbo, ambalo sikulisikia Muhaisnah wala Hatta. Akafuta macho kwa mkono wa shati.

Kisha akavua viatu, akaketi mkekani.

"Dada," akasema, "nipakulie."